Kubeba boksi nako kuna shule yake



Nimeulizwa mara kadhaa, kwa simu na kwa ujumbe: "Hivi hao vijana wanaopeleka vifurushi nyumba kwa nyumba huko kwenu wanafundishwa nini hasa? Mtu si akijua kushika usukani basi imetosha?" Anayeuliza anamkumbuka bodaboda wa mtaani kwake, anayekabidhiwa pikipiki asubuhi na kudaiwa hesabu jioni, mafunzo atayapata huko huko barabarani. Swali ni la haki kabisa. Na kwa kuwa vijana wetu wengi wakifika huku wanaangukia kwenye kazi hiyo, na wengine mko kwenye foleni ya viza hivi sasa, nimeona nilijibu kwa kirefu na kwa kuanzia nyuma, maana kazi hii ina historia.

Mnajua tulivyozoea kusema: fulani yuko Marekani anabeba boksi. Tunasema kwa utani, na wakati mwingine kwa dharau kidogo. Leo tuliangalie hilo boksi lenyewe. Nani alipanga uzito wake? Nani alipanga mwendo wa kulipeleka? Na mbebaji akiteguka mgongo, nani analipa?

Nitakachowaonyesha ni kwamba usalama wa mpeleka vifurushi umejengwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumfundisha dereva: macho yake, mikono yake, miguu yake. Njia ya pili ni kuiwekea kazi yenyewe mipaka: uzito, saa, joto, mwendo. Ya kwanza kampuni kubwa zimeifanya zenyewe, na zimeifanya vizuri, kwa sababu ajali ni hasara. Ya pili haikuletwa na mtu kwenye sahani. Ilidaiwa, na mara nyingine ilidaiwa kwa damu.

MJI WENYE JINA LA POSTAMASTA

Nianze na hapa ninapoishi. Hopkins ni mji mdogo wa watu kama elfu kumi na tisa, kilomita 13 hivi magharibi ya katikati ya Minneapolis. Ulipoandikishwa mwaka 1893 uliitwa West Minneapolis. Jina la Hopkins lilikuwa la kituo cha treni, nalo lilitokana na Harley Hopkins, mlowezi mwenye shamba aliyekubali reli ipite kwake kwa sharti kwamba kituo kipewe jina lake. Bwana huyo ndiye aliyekuwa postamasta wa kwanza wa hapa. Watu wakazoea jina la kituo, na mwaka 1928 mji mzima ukabadilishwa kuwa Hopkins. Kwa hiyo mji wangu una jina la mtu wa barua na mizigo, na mizigo haijawahi kuondoka. Kulikuwa na kiwanda kikubwa cha matrekta ya Minneapolis-Moline, na kuna maghala makubwa ya vyakula vinavyosambazwa madukani. Ukisimama asubuhi kwenye makutano ya Excelsior Boulevard na barabara kuu ya 169 utayaona magari yakipita: ya kahawia, meupe, ya rangi ya samawati, na yale madogo ya posta.

Lakini mwanzoni posta ilikuwa haibebi vifurushi vizito. Mkulima aliyeagiza kitu mjini alikifuata kituoni, au aliwalipa wachukuzi binafsi bei wanayoitaka wao. Posta ya Marekani ilianza huduma ya vifurushi tarehe 1 Januari 1913, na kikomo cha uzito kilikuwa ratili 11, yaani kilo tano. Kumbukeni neno hilo, kikomo, maana tutarudi kwake.

FRASILA MBILI

Kabla sijaendelea na Marekani, nipite kwetu kidogo. Sisi kubeba mizigo ya watu hatukujifunzia ughaibuni. Karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitegemea mabega ya wapagazi, na waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Ilikuwa kazi yenye mpangilio. Mbele alitangulia kirangozi aliyeijua njia, na wanyapara waliwasimamia wengine. Kijana alianza na mzigo mdogo akifuatana na wakubwa, akajifunza namna ya kuufunga, namna ya kuubadilisha bega, mahali pa kupumzika. Hiyo ilikuwa shule, ingawa haikuwa na ubao.

Na uzito ulikuwa na kawaida yake. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 60 hadi 70. Frasila moja ni ratili 35, kwa hiyo hesabu ya juu ni frasila mbili. Wapagazi wenyewe waliujua uzito huo, na ulipozidishwa waligoma, waliutua chini, au walitoroka usiku. Tajiri wa msafara alijifunza haraka kwamba mpagazi aliyetoroka ni ghali kuliko mzigo uliopunguzwa.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na mambo yakageuka. Waingereza waliwaandikisha wachukuzi, wengi kwa nguvu, katika kikosi walichokiita Carrier Corps. Safari hii hapakuwa na kutua mzigo wala kutoroka kirahisi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na chakula kibovu. Kambi yao ya Dar es Salaam, baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Nairobi nao wana Kariakor yao. Kila ukienda kununua vitenge Kariakoo unalitaja jina la wabeba mizigo ambao hakuna aliyehesabu usalama wao, na hata idadi kamili ya waliokufa haijulikani mpaka leo.

Somo ninalolichukua hapo ni moja. Wapagazi wa Unyamwezi na wachukuzi wa vita walikuwa watu wa aina ile ile, wenye ujuzi ule ule na mabega yale yale. Kilichowatofautisha ni kwamba wa kwanza waliweza kukataa mzigo na wa pili hawakuweza.

KIJANA WA MIAKA 19 NA DOLA 100

Sasa turudi Marekani. Mwaka 1907 huko Seattle, kijana wa miaka 19 aitwaye Jim Casey na mwenzake Claude Ryan walikopa dola 100 wakaanzisha kampuni ya matarishi. Walipeleka ujumbe na vifurushi kwa miguu na kwa baiskeli. Mwaka 1913 walipata gari lao la kwanza, Ford Model T. Mwaka 1919 wakachukua jina la United Parcel Service, ambalo sisi wote tunaliita UPS. Ndiyo hayo magari ya kahawia.

Casey aliona mapema kwamba mteja hakumbuki ofisi, anamkumbuka aliyemgongea mlango. Kwa hiyo tangu zamani kampuni hiyo imekuwa na tabia ya kuandika kila kitu: dereva avae nini, atembee vipi, ashuke vipi kwenye gari, funguo azishike kwa kidole gani. Si utani. Wanafundishwa kufunga mkanda kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwasha gari. Wakishuka, wanatakiwa wawe na sehemu tatu za mwili zilizoshika au kukanyaga, yaani mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Kuruka chini ni marufuku. Mtu akiruka mara moja hapati kitu, lakini akiruka mara mia na zaidi kwa siku kwa miaka ishirini, magoti yanakwisha.

Upande wa udereva, fundi mkubwa alikuwa Harold Smith, aliyeanza mwaka 1952 kufundisha madereva wa kampuni kwa kanuni tano. Nazieleza kwa Kiswahili chetu, mzibandike ukutani:

1. Tazama mbali, usitazame boneti ya gari lako.
2. Ione barabara yote: pembeni, nyuma, na mtoto anayecheza uani.
3. Macho yasitulie mahali pamoja.
4. Siku zote jiachie njia ya kutokea.
5. Hakikisha wenzako wamekuona, usidhani tu kwamba wamekuona.

UPS na kampuni nyingine nyingi zimejenga mafunzo yao juu ya kanuni hizo, na wanafunzi wanatakiwa kuzitaja kwa kichwa kama watoto wa madrasa. Jambo jingine ni namna wanavyohesabu ajali. Trafiki anauliza: nani mwenye kosa? Mwalimu wa udereva anauliza: ungeweza kuiepuka? Mtu akikugonga kwa nyuma, kisheria kosa ni lake. Lakini kama ulifunga breki ghafla kwa sababu ulikuwa unatafuta namba ya nyumba, mwalimu wako atasema ajali hiyo ungeweza kuiepuka. Dereva wa UPS akimaliza miaka 25 bila ajali ya namna hiyo huingizwa kwenye orodha ya heshima ya kampuni, na anaheshimiwa kweli kweli.

Mwaka 2007 kampuni hiyo ilifungua chuo maalumu huko Landover, Maryland, karibu na Washington, na Wizara ya Kazi ikachangia fedha. Walijenga mitaa ya mfano yenye vibao vya barabarani na nyumba za kupelekea mizigo. Kuna gari lenye ubavu wa kuona ndani ili mwanafunzi aone mizigo inavyokaa na inavyoanguka. Na kuna mtambo wa kuteleza: mwanafunzi anafungwa mikanda juu asije akaumia, anatembea na boksi kwenye sakafu iliyotiwa utelezi, anateleza, anajifunza. Sisi wa Minnesota hilo la kuteleza tunalielewa bila mtambo!

Kuna na lile la kukata kona. Huku magari yanapita kulia, kwa hiyo kukata kushoto ni kuvuka mbele ya magari yanayokuja, kama kwetu unapokata kulia. Tangu mwaka 2004 UPS ilianza kupanga njia zao zipunguze kona za kushoto kadiri inavyowezekana. Gari linazunguka mtaa mzima ili likate kulia. Wanaokoa mafuta, na wanapunguza hatari.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na naiheshimu. Anayedharau mbeba boksi ajaribu kufaulu mafunzo hayo.

IJUMAA YA DAMU

Lakini kuna mambo ambayo huwezi kumfundisha mtu. Huwezi kumfundisha dereva asichoke. Hapo ndipo inapoingia njia ya pili, na kwa bahati ukurasa wake mmoja mkubwa uliandikwa hapa hapa jirani.

Mwaka 1934 Minneapolis ilikuwa ngome ya matajiri waliokataa katakata vyama vya wafanyakazi. Madereva wa malori na wapakuaji wa mizigo walifanya kazi saa 54 kwa wiki na kuendelea, kwa ujira mdogo, na asiyetaka aliambiwa apishe, maana nje kulikuwa na foleni ya wenye njaa. Chama chao, tawi namba 574 la Teamsters, kilianza kwa kugomesha uchukuzi wa makaa ya mawe mwezi Februari, katikati ya baridi kali, wakati mji hauwezi kuishi bila makaa. Mwezi Mei wakagoma tena, na Julai tena. Waliandaa jiko la kulisha wagomaji, zahanati yao na gazeti lao.

Ijumaa ya tarehe 20 Julai 1934 polisi waliwafyatulia risasi. Watu 67 walijeruhiwa na wawili, Henry Ness na John Belor, wakafa. Huku wanaiita Ijumaa ya Damu. Makumi ya maelfu ya watu walijitokeza kwenye mazishi ya Ness. Siku chache baadaye Gavana Floyd Olson akatangaza utawala wa kijeshi mjini, na mwishoni mwa Agosti matajiri wakakubali kuzungumza na chama.

Nisizidishe chumvi: wale hawakugoma kudai kozi ya usalama. Walidai kutambuliwa, mshahara na saa za kazi. Lakini saa za kazi ndizo usalama wenyewe. Mwaka uliofuata, 1935, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda haki ya kuunda vyama, na sheria nyingine iliyoipa serikali kuu uwezo wa kupanga saa na usalama wa madereva wa magari ya mizigo. Kanuni za saa zikatoka kabla muongo huo haujaisha. Leo dereva wa gari kubwa la mizigo haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11 ndani ya zamu isiyozidi saa 14, kisha lazima apumzike saa 10.

Na ule uzito? Kwa miaka mingi kikomo cha kifurushi cha UPS kilikuwa ratili 70. Mlioshika hesabu mmeshaona: frasila mbili kamili, mzigo wa Mnyamwezi! Sijui kama kuna aliyepanga hivyo, lakini naona mgongo wa binadamu unasema lugha moja Tabora na Minneapolis. Mwaka 1994 kampuni ikapandisha kikomo hadi ratili 150, karibu kilo 68. Chama cha Teamsters kiligoma siku moja, mwezi Februari, na makubaliano yakawa kwamba mizigo mizito ibebwe kwa msaada wa mtu wa pili au kigari. Mnaona? Mafunzo yangesema: kunja magoti, nyoosha mgongo. Mgomo ulisema: boksi la kilo 68 si la mtu mmoja, hata akunje magoti vipi.

GARI DOGO, SHERIA NDOGO

Sasa nakuja kwenye sehemu inayowahusu zaidi mnaojiandaa kuja, tafadhali isomeni taratibu.

Sheria zile za saa za dereva nilizozitaja zinaanzia kwenye gari lenye uzito wa kuanzia ratili 10,001 pamoja na mzigo wake, kama kilo 4,536. Leseni maalumu ya magari makubwa inaanzia ratili 26,001. Vile vigari vyeupe na vya samawati vinavyojaa mitaani siku hizi, vingi vimetengenezwa chini kidogo ya hiyo 10,001. Maana yake, anayekiendesha anaweza kuwa na leseni ya kawaida tu, na kanuni za serikali kuu za saa 11 hazimgusi.

Jambo la pili ni mwajiri. Dereva wa posta ameajiriwa na posta, wa UPS na UPS. Lakini kampuni nyingine zilichagua kupitia wakandarasi. Madereva wa FedEx Ground kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa wafanyabiashara wanaojitegemea. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliamua kwamba wale wa California walikuwa waajiriwa, na mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 228 kumaliza kesi hiyo. Amazon nayo mwaka 2018 ilianzisha mpango wa wakandarasi wadogo wanaoajiri madereva, huku vifurushi, njia na simu inayoonyesha vituo vikitoka Amazon. Mkandarasi anasema mwendo umepangwa juu. Wa juu anasema dereva si wake.

Mpwa wangu mmoja aliingia kwa mkandarasi, jina silitaji. Alionyeshwa video siku mbili, akafuatana na mwenzake siku moja, siku ya nne akapewa gari lake na vituo zaidi ya 100. Kila kitu alichofundishwa kilikuwa sahihi: shuka taratibu, usirudi nyuma bila kushuka kutazama, usishike simu. Ila saa iliyohesabu vituo haikujua hayo. Akinipigia usiku alikuwa anazungumza huku analala.

Tatizo la saa kushindana na breki nalo si jipya. Wauzaji wa piza, Domino's, walikuwa na ahadi maarufu ya kumfikishia mteja chakula ndani ya dakika 30. Mwaka 1993 jopo la wananchi mahakamani huko St. Louis liliamua kwamba mwanamke aliyegongwa na dereva wao aliyepita taa nyekundu alipwe karibu dola milioni 79. Mwezi huo huo ahadi ya dakika 30 ikafutwa nchi nzima. Hawakuanza kwa kuongeza mafunzo, walianza kwa kuiondoa saa.

SHERIA INAYOISHIA MLANGONI

Kuna habari ya kujivunia inayowahusu watu wa Afrika Mashariki wa hapa. Mji wa Shakopee, kusini magharibi yetu, una ghala kubwa la Amazon lililofunguliwa mwaka 2016, na wafanyakazi wengi wa pale ni Wasomali. Mwaka 2017 ilianzishwa Awood Center, na neno awood kwa Kisomali ni nguvu au uwezo. Walidai muda wa sala na, hasa hasa, kupunguzwa kwa kasi ya kuhesabiwa mizigo kwa saa. Tarehe 15 Julai 2019, siku ya mauzo makubwa ya Amazon, waligoma kwa saa sita. Watu walishangaa: hawa wageni wa juzi, wanaonekana wapole, wanathubutuje?

Mwaka 2023 Bunge la Minnesota lilipitisha sheria ya usalama wa wafanyakazi wa maghala, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti mwaka huo. Kwenye maghala makubwa, mwajiri lazima amwambie mfanyakazi kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, anatakiwa kufikisha kiasi gani, na haruhusiwi kuweka kiasi kinachomnyima mtu muda wa kula, wa kwenda msalani au wa kusali. Mnyapara wa kompyuta amewekewa mpaka, na waliomwekea ni pamoja na watu wa pwani ya Bahari ya Hindi kama sisi.

Lakini soma sheria mpaka mwisho. Inasema inamhusu anayefanya kazi ndani ya ghala, na kazi ya kuendesha gari kutoka au kwenda ghalani haimo. Boksi lile lile, likiwa ndani, anayelishika analindwa. Likivuka mlango na kuingia kwenye gari, anayelishika kabaki na video zake za mafunzo.

Joto nalo ni hivyo hivyo. Minnesota ni moja ya majimbo machache yenye kanuni ya joto kazini, ila ni ya ndani ya majengo. Mwezi Juni 2022 dereva wa UPS mwenye miaka 24 alifariki akiwa kazini Pasadena, California, siku ya joto kali, na familia yake ikasema ni joto. Mkataba wa Teamsters wa mwaka 2023 ndio ulioibana kampuni iweke viyoyozi kwenye magari mapya yatakayonunuliwa kuanzia Januari 2024. Madereva wa posta nao walikaa miaka zaidi ya thelathini na vile vigari vyeupe vilivyotengenezwa kati ya 1987 na 1994, usukani upande wa kulia kama vya kwetu ili waifikie sanduku la barua, bila kiyoyozi wala mfuko wa hewa wa kukinga kifua. Magari mapya yenye vitu hivyo yalianza kufika mwaka 2024.

Na baridi? Barafu haina mkataba. Hapo inabaki shule: vaa zile kucha za chuma chini ya kiatu, tembea kama bata, hatua fupi, mkono mmoja uwe huru. Na mbwa: mwaka 2023 wafanyakazi wa posta zaidi ya 5,800 walishambuliwa na mbwa. Wanafundishwa kutikisa geti kabla ya kuingia, na kuweka mkoba katikati yao na mbwa.

KWA MNAOKUJA, NA KWA MNAOBAKI

Kijana unayekuja, usiione aibu kazi hii. Ila kabla ya kusaini uliza maswali manne. Mwajiri wangu ni nani hasa, jina liandikwe? Mafunzo ni siku ngapi, na yanalipwa? Gari lina uzito gani? Nikiumia, bima ya kuumia kazini ni ya nani? Akikujibu kwa kucheka, ondoka. Ukianza kazi, kila ukiumia hata kidogo toa taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo, usisubiri uvimbe. Na kama kuna chama, jiunge.

Kwa mnaobaki, msidhani haya ni ya Wamarekani tu. Tanzania ilitunga kanuni za leseni za bodaboda na bajaji mwaka 2010. Kampala, mwaka 2014, ilianza SafeBoda kwa wazo rahisi: dereva afundishwe, avae kofia ngumu, na abiria apewe yake. Hiyo ni njia ya kwanza, nayo inaokoa maisha. Njia ya pili bado: nani anapanga hesabu ya jioni? Bodaboda anayedaiwa kiasi kisichofikika bila kupita taa nyekundu atapita taa nyekundu, hata ukimpa vyeti kumi.

Kwa hiyo siku ukiagiza kitu na kijana akachelewa dakika kumi kwa sababu alisubiri taa, msalimie, mpe maji, usimpunguzie nyota. Na wewe mwenye pikipiki tatu unazokodisha, jioni ukikaa kupanga hesabu ya kesho, ipange ya mtu anayesimama kwenye taa.

Wasalimieni wote. Maoni yenu nayasubiri, hasa wa bodaboda.